Upepo haupimi kilo: punguza upana wa mzigo kabla hujawasha pikipiki



Msimu wa kuuza mazao umefika. Barabara zetu zimejaa pikipiki zenye magunia ya alizeti, matenga ya kuku, madumu ya mafuta na magodoro ya wale waliokwisha kuuza. Ni msimu uleule ambao upepo wa kiangazi, ule ambao watu wa pwani wanauita kusi, unavuma kwa nguvu. Huku mikoa ya kati, kuanzia Juni hadi Septemba mvua hakuna, nyasi zimekauka, mashamba yamevunwa na yako wazi. Upepo hauna kitu cha kuuzuia. Kila umeme wa upepo unapozungumzwa hapa nchini, Singida na Makambako hazikosi kutajwa. Upepo unaoweza kuzungusha mashine ya umeme hautashindwa kukusukuma wewe na pikipiki yako ya cc 125.

Utauliza afisa ugani anaingiaje kwenye mambo ya pikipiki. Anaingia kwa sababu mazao yakiwa ghalani bado si pesa. Yanakuwa pesa yakimfikia mnunuzi, na kwa wengi wetu kinachoyafikisha ni pikipiki. Pia tangu serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani mwaka 2022, wengi wetu tunashinda juu ya pikipiki kama nyinyi, na upepo huohuo unatupiga.

Msimamo wangu katika makala hii ni mmoja. Tunapima mzigo kwa kilo tu, na hilo ndilo kosa letu. Tunasema "hiki ni chepesi, pakia tu." Upepo haupimi kilo. Upepo unapima upana. Mzigo mwepesi uliotanuka unaweza kukuangusha kirahisi kuliko gunia zito lililofungwa chini na katikati. Na anayeamua upana wa mzigo mara nyingi si dereva. Ni wewe mwenye mzigo.

Kwa nini mzigo mwepesi ni hatari

Chukua karatasi ya bati moja, uishike wima mikononi siku ya upepo. Si nzito, lakini utahangaika nayo. Chukua mfuko wa saruji, ambao ni mzito kuliko bati hilo mara nyingi. Ukishausimamisha, upepo haufanyi kitu. Kila fundi wa kuezeka analijua hili. Ajabu ni kwamba tukifika kwenye pikipiki tunalisahau.

Chukua mfano wa godoro. Godoro la futi 5 kwa 6 la sponji, kijana mmoja analibeba kichwani bila shida. Ukilisimamisha ubavu kwenye pikipiki, na upepo wa kilomita 60 kwa saa ukalipiga pembeni, nguvu inayolisukuma inakaribia uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Sasa fikiria mtu anakuja kuegemeza mfuko wa saruji ubavuni mwako ghafla ukiwa kwenye mwendo, halafu anauondoa ghafla. Hivyo ndivyo upepo wa kurusharusha unavyofanya. Unasukuma, unaachia, unasukuma tena.

Jambo la pili ni kimo. Mzigo ukiwa juu, upepo unapata nguvu zaidi ya kukuinamisha, kama vile ilivyo rahisi kung'oa nguzo kwa kuisukuma kileleni kuliko kuisukuma kwenye shina. Kwa hiyo mzigo uleule, ukiushusha kwa futi moja, unakuwa umepunguza hatari bila kuacha hata kilo moja nyumbani.

Jambo la tatu ni uzito unaopita nyuma ya gurudumu la nyuma. Keria ndefu iliyochomelewa ikapakiwa hadi mwisho inanyanyua mbele. Tairi la mbele likiwa jepesi, usukani unaanza kucheza, na upepo mdogo tu unatosha kukutoa kwenye njia. Wengi wanalaumu upepo wakati kilichoanza ni keria.

Mwendo unaongeza upepo kuliko unavyodhani

Hata siku isiyo na upepo, ukikimbia unautengeneza upepo wako mwenyewe. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukaenda 80, mwendo umeongezeka mara mbili lakini upepo unakupiga mara nne. Ukitoka 40 ukaenda 60 tu, nguvu imeshazidi mara mbili.

Ongeza sasa upepo wa kiangazi. Unaendesha 50 na upepo wa kilomita 30 kwa saa unakuja usoni. Kifua chako kinapokea upepo wa 80. Nguvu hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ambayo ungeipata siku tulivu kwa mwendo huohuo. Ndiyo maana unafika mnadani shingo inauma, mabega yamekaza, macho mekundu, na petroli imeisha mapema kuliko kawaida. Injini imefanya kazi ya kusukuma hewa.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote cha kupunguza upepo, punguza mwendo. Ni dawa ya bure. Safari ya kilomita 20 kwa mwendo wa 60 ni dakika 20. Kwa mwendo wa 40 ni dakika 30. Umepoteza dakika 10, na upepo wa mbele umepungua kwa zaidi ya nusu. Mimi sijaona biashara ya kijijini inayoharibika kwa dakika 10.

Mwenye mzigo, hesabu ni yako

Hapa ndipo ninapotaka kusema wazi, hata kama wengine hawatafurahi.

Ajali ikitokea tunasema "vijana wa bodaboda hawana akili." Lakini nani alimwambia kijana abebe matenga mawili badala ya moja? Nani alisema "panga tu juu, utafika"? Ni mwenye kuku, ili alipe safari moja. Kijana naye anakubali kwa sababu akikataa, mwenzake aliyeegesha pembeni atakubali. Kwa hiyo uamuzi wa mzigo unafanywa na mtu ambaye hatakuwa juu ya pikipiki.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme safari ya kutoka kijijini hadi mnadani ni shilingi 10,000. Una kuku 40. Ukiwapakia wote safari moja kwenye matenga yaliyopandana, umeokoa 10,000. Sasa tuseme upepo umeiyumbisha pikipiki, imelala pembeni ya barabara, kijana ameumia goti tu, tunamshukuru Mungu. Kuku 8 wamekufa au wamevunjika miguu. Kama kuku mmoja ungemuuza 15,000, umepoteza 120,000. Hizo ni nauli za safari 12. Na hapo sijahesabu matibabu, na sijahesabu kwamba kijana hatafanya kazi wiki mbili na nyumbani kwake wanakula kutokana na pikipiki hiyo.

Kwa mtazamo wangu, katika miezi ya upepo mwenye mzigo mpana anapaswa kulipa safari mbili, au kuungana na majirani wakodi guta au gari dogo. Kuku wetu wanasifika mpaka Dar es Salaam. Kikundi cha wafugaji kumi wakiuza siku moja, gharama ya gari inagawanyika na kuku wanafika wakiwa na afya. Kuku aliyepigwa na upepo wa mbio kwa saa nzima bila maji anafika amechoka na amepungua uzito, na mnunuzi anaona.

Nawe kijana wa bodaboda, jifunze kusema "huu mzigo nitaurudia." Mteja atakunung'unikia leo. Kesho atakumbuka kwamba mayai yake yalifika salama.

Namna ya kufunga kila mzigo

Magunia. Weka gunia likilala kwa urefu wa pikipiki, si kukatiza kama mabawa. Kama ni lazima likatize, lisipite upana wa usukani. Zito liwe chini na karibu na mgongo wako, si mwisho wa keria. Funga kwa mipira ya tyubu pande zote mbili kwa nguvu sawa. Baada ya kilomita mbili tatu simama ukaze tena, maana mzigo hujipanga upya ukitikiswa.

Matenga ya kuku. Tenga moja, fupi, katikati. Tenga linapitisha hewa likiwa tupu, lakini likijaa kuku linakuwa kama ukuta. Usipandishe tenga juu ya tenga siku ya upepo. Usilifunike kwa turubai lililolegea pia. Turubai likishika upepo linajaa kama tanga la dau.

Madumu matupu. Huu ndio mzigo unaodharauliwa kuliko yote. Kijana anatoka kuuza mafuta au maziwa, anafunga madumu 12 matupu kulia na kushoto, anaona hana mzigo, anakimbia 80. Uzito haupo wa kuishikilia pikipiki chini, na upana ni uleule. Yapange marefu kuelekea nyuma, safu moja, au acha nusu yake utayachukua kesho.

Magodoro na sponji. Likunje, lifunge kamba kila baada ya futi moja libane kabisa, kisha lilaze kwa urefu. Kama halikunjiki, halisafiri kwa pikipiki msimu huu. Subiri gari.

Mabati na mbao. Mabati yasikae wima wala kukatiza barabara. Mtu mmoja akikutana na bati lililokatiza pikipiki ya mwenzake gizani, hiyo si ajali ya upepo tena. Tumia guta au mkokoteni.

Mayai. Trei zipandane hadi kimo cha kiuno chako ukiwa umekaa, si zaidi, ndani ya boksi gumu. Mwili wako uwe ndio unazikinga na upepo wa mbele.

Bomba la kupulizia dawa. Hili linanihusu sana. Wengi mnalivaa mgongoni mkienda shamba na kurudi. Bomba la lita 16 mgongoni linashika upepo juu kabisa, pale pabaya, na kama limebaki na dawa linakudondoshea mgongoni na upepo unampulizia aliyekaa nyuma. Lisafishe shambani, lifunge kwenye keria likiwa tupu. Dawa isafiri ndani ya chupa yake, imefungwa, mbali na chakula.

Mwamvuli wa pikipiki. Wenzetu wa Kenya wanautumia sana na huku pia nauona. Mjini, kwa mwendo mdogo, unasaidia jua na mvua. Kwenye barabara ya lami iliyo wazi, mwezi wa Agosti, mimi nasema uufungue uuache nyumbani. Ni kitambaa kipana kilicho juu ya kichwa chako, kimeshikiliwa na vyuma vilivyofungwa kwenye pikipiki. Upepo ukikishika, unayumbisha pikipiki nzima.

Upepo unaokupiga wewe mwenyewe

Hata bila mzigo, kuna ule mtikiso wa upepo unaotingisha kichwa mpaka taa za gari la mbele unaziona mbilimbili. Sababu zake ni chache na zinatibika.

Kofia ngumu. Kofia iliyolegea ndiyo sababu ya kwanza. Upepo unaingia chini yake unainyanyua, kamba inakukaba, unaendesha mkono mmoja ukiishika kwa mwingine. Ivae, funga kamba ya kidevuni, kisha tikisa kichwa kulia na kushoto. Kofia inapaswa kwenda na ngozi ya uso wako. Ikizunguka peke yake ni kubwa kwako. Kofia inayofunika uso wote inatulia kwenye upepo kuliko ile ya nusu kichwa, na kioo chake kinazuia vumbi. Kioo kilichochubuka kibadilishe, kwa sababu jua la jioni likikipiga huoni kitu. Msiazimane kofia moja ukoo mzima, kila kichwa kina kipimo chake.

Nguo. Jaketi lililo wazi zipu linajaa upepo linakuvuta nyuma. Funga zipu mpaka shingoni, bana mikono. Mama unayepanda nyuma, ncha za khanga na kitenge zikunje uzikalie. Upepo ukizipeperusha zinaingia kwenye cheni au spoki, na hapo kinachovutwa ni wewe. Kukaa upande kunakuondolea mshiko na kunafanya uzito uwe upande mmoja, kwa hiyo dereva anapambana na upepo na wewe pia. Siku ya upepo vaa suruali au taiti ndani ukae miguu pande zote mbili. Mtoto akae katikati, si mgongoni mwa mtu wa mwisho.

Kioo cha mbele. Vijana wengi wanafunga kioo cha plastiki mbele wakidhani ndicho dawa. Kinaweza kusaidia na kinaweza kuharibu. Kioo kifupi kinaupandisha upepo kutoka kifuani na kuutupa usoni, na upepo huo hauji umenyooka, unakuja umevurugika. Ndio unaotikisa kichwa. Pima hivi: pita barabara moja kwa mwendo mmoja, mara ya kwanza na kioo, mara ya pili umekitoa. Kama bila kioo kelele na mtikiso vimepungua, kioo chako ni kibaya kwa kimo chako. Jaribu kukilaza kidogo au kukipandisha, au kiache. Na kama kimefungwa kwenye usukani, jua kwamba upepo wa pembeni utakisukuma, nacho kitausukuma usukani. Kikubwa sana si kizuri.

Masikio. Kelele ya upepo ndani ya kofia kwa mwendo mkubwa, saa nyingi kila siku, inaharibu usikivu taratibu. Anayesafiri masafa marefu atumie vizibo vya masikio vya sponji. Bado utasikia honi.

Mkao. Bana tanki kwa magoti, shusha mabega, inama kidogo mbele, mikono ilegee kwenye viwiko. Anayeukamata usukani kwa nguvu anaupelekea kila mtikiso wa mwili wake. Upepo unamsukuma yeye, yeye anausukuma usukani, pikipiki inayumba. Mshike farasi kwa miguu, si kwa masikio.

Kwenye barabara kuu na malori

Barabara ya kutoka Dodoma kupita Manyoni na Singida kwenda Nzega inabeba malori usiku na mchana. Lori kubwa linasukuma hewa mbele yake na kuacha pengo la hewa nyuma. Linapokupita, kwanza unasukumwa pembeni, halafu unavutwa kuelekea kwake. Ukilijua hilo halikushtui.

Hatari kubwa ni hii, na wengi hawaijui. Tuseme upepo unavuma kutoka kulia kwako. Ili uende moja kwa moja, wewe na pikipiki mnakuwa mmeinamia kulia kidogo, mkiuegemea upepo. Lori linakuja kutoka mbele upande huohuo wa kulia. Linapofika sawa na wewe, linakukinga upepo ghafla. Ulichokuwa unakiegemea hakipo tena, na pikipiki inakwenda kulia, yaani kwenye lori. Likishapita, upepo unarudi kwa kishindo na kukutupa kushoto. Yote hayo ni sekunde mbili au tatu.

Kwa hiyo ukiliona lori linakuja, mapema, punguza mwendo, sogea kushoto mwa njia yako bila kuingia kwenye mchanga wa pembeni, legeza mikono, bana magoti. Usifunge breki ya ghafla katikati ya mtikiso. Na usimfuate lori kwa karibu ili akukinge upepo. Nyuma yake huoni shimo wala tuta, na dereva wake hakuoni.

Sehemu nyingine za kuchunga ni pale unapotoka kwenye kitu kinachokinga upepo. Mwisho wa mtaa wa maduka, kutoka kwenye mlima uliochongwa, kuingia darajani, kutoka kwenye miti kwenda mbuga. Anayeshuka mlima Sekenke na mzigo anajua kona zinavyobadilisha upande wa upepo. Punguza mwendo kabla ya kutoka, usisubiri upigwe kwanza.

Huenda ni pikipiki, si upepo

Kuna wanaolaumu upepo kumbe pikipiki imechoka. Kipimo chake ni rahisi. Toka asubuhi na mapema, hakuna upepo, huna mzigo, nenda mwendo wa kawaida. Ikiyumba, upepo hauhusiki. Angalia beringi za usukani kwa kunyanyua tairi la mbele na kulisukuma mbele na nyuma. Angalia spoki zilizolegea, shokapu za nyuma kama zote mbili zina nguvu sawa, na upepo wa tairi zenyewe. Tairi la nyuma lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa linacheza kama miguu ya ndama. Jaza kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, na ukibeba mzigo fuata kipimo cha mzigo.

Chagua saa kama unavyochagua saa ya kupepeta

Akina mama wanaopepeta uwele na alizeti wanaijua saa ya upepo. Hawatandiki turubai alfajiri, kwa sababu alfajiri majani hayatikisiki. Wanasubiri jua lipande, ardhi ipate joto, ndipo upepo unaamka. Mchana mpaka alasiri ndipo unapovuma sana. Mimi pia nawaambia kila mwaka msipulizie dawa mchana wa upepo, pulizieni asubuhi.

Elimu hiyohiyo ihamishieni barabarani. Mzigo mpana uondoke mapema asubuhi, kukishapambazuka vizuri na unaona barabara. Kurudi, kama upepo ni mkali, subiri jua lianze kushuka au rudi bila mzigo mpana. Kabla ya kuondoka tazama bendera ya shule. Ikiwa imenyooka yote na inapigapiga, na vumbi linakatiza barabara, mzigo mpana usubiri.

Kuna watakaosema "tumebeba hivi miaka yote na tunafika." Ni kweli, mara nyingi mnafika. Hata anayepanda bila kupima udongo mara nyingine anavuna. Lakini barabara za lami zimeongezeka, mwendo umeongezeka, malori yameongezeka, na mzigo umepanda juu zaidi. Kilichokuwa kinawezekana kwenye njia ya vumbi kwa mwendo wa 30 si kilekile kwenye lami kwa mwendo wa 80.

Wengine watasema safari mbili ni gharama. Sikatai. Lakini gharama hiyo iwekeni kwenye bei tangu mwanzo, kama mnavyoweka bei ya magunia. Mnunuzi anayetaka kuku wazima na mayai mazima alipie namna ya kuyafikisha yakiwa mazima. Vikundi na vyama vya ushirika mkikaa kupanga bei msimu huu, usafiri uwe kwenye ajenda, usiachiwe kijana mmoja na mipira yake ya tyubu.

Ombi langu kwa wiki hii ni dogo. Kabla pikipiki haijawashwa, rudi hatua kumi nyuma, itazame kwa mbele na kwa ubavu. Mzigo ukizidi upana wa usukani, au ukipanda juu ya mabega ya dereva, shusha. Hata kama ni mwepesi. Hasa kama ni mwepesi.

Nawatakia mauzo mema na safari salama.